Kwa nini aanze na bakteria mtu anayetaka kupambana na saratani?

Swali: "Profesa, shikamoo. Ninamaliza shahada ya kwanza ya biolojia ya molekuli. Tangu sekondari nimekuwa nikisema nitafanya utafiti wa saratani, hasa baada ya shangazi yangu, dada wa baba, kufariki kwa saratani ya ovari akiwa bado kijana. Sasa nimepata nafasi mbili za uzamili. Moja ni kwenye maabara inayochunguza sampuli za uvimbe wa wagonjwa. Nyingine ni kwenye maabara inayochunguza jinsi bakteria na hamira zinavyokarabati DNA. Mwalimu wa hii ya pili ndiye aliyenivutia zaidi, lakini nyumbani wananiuliza vijidudu vinahusiana vipi na saratani, na mimi mwenyewe sina la kuwajibu. Je, mtu anaweza kutumia maisha yake yote kwenye ukarabati wa DNA na bado akawa anapambana na saratani?"

Marahaba, binti yangu, na pole sana kwa msiba wa shangazi yako.

Ndiyo, anaweza. Baadhi ya dawa ambazo madaktari wa saratani wanazitumia leo zisingekuwepo kama si watu waliokaa na bakteria miaka nenda rudi wakitafuta jibu la swali ambalo ndani yake hamna neno saratani: seli hufanyaje ili maandishi yake yasiharibike?

Watu wa nyumbani waanzie kwenye ukubwa wa tatizo lenyewe. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1960, wanabiolojia wengi waliichukulia DNA kuwa molekuli imara. Ilionekana lazima iwe hivyo, kwa kuwa ndiyo inayobeba urithi kutoka kizazi hadi kizazi. Msweden mmoja, Tomas Lindahl, alikuwa akifanya kazi na RNA, molekuli ndugu ya DNA, huko Chuo Kikuu cha Princeton Marekani, akaona inavunjika kwa joto upesi kuliko alivyotarajia. Akaanza kuitilia shaka DNA nayo. Aliporudi Stockholm, kwenye Taasisi ya Karolinska, akafanya jaribio ambalo mtu mwingine angeliona la kuchosha: aliweka DNA safi ndani ya maji yenye chumvi, kwa joto na asidi mbalimbali, akapima inavyooza polepole. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1972 yalionyesha kwamba katika joto la mwili seli moja ya mamalia hupoteza maelfu ya herufi za DNA, yaani vijenzi vidogo vinavyounda maandishi yake, kila siku, pengine kufikia 10,000, bila sumu, bila mionzi, bila sigara. Maji yenyewe yanatosha.

Hapo ndipo ninapompenda Lindahl. Hakuishia kwenye kupima. Alisema, kama uharibifu ni mkubwa hivi na bado tunaishi, basi lazima kuna kitu ndani ya seli kinachorekebisha, na kinafanya kazi mfululizo. Akaenda kukitafuta. Alijua kwamba herufi C hupoteza sehemu yake ndogo yenye naitrojeni na kugeuka kuwa U, herufi isiyotakiwa kwenye DNA. Seli ikigawanyika kabla ya kosa hilo kuondolewa, U husomwa kama T, na maandishi yanabadilika moja kwa moja. Mwaka 1974, ndani ya bakteria wa E. coli, akapata kimeng'enya, yaani protini inayofanya kazi ya kikemia ndani ya seli, kinachoizungukia DNA, kinaitambua U na kuing'oa. Baadaye ikajulikana kwamba sisi pia tunacho, na mwaka 1996 kikundi chake kiliweza kuujenga upya mfumo wa namna hiyo wa binadamu ndani ya neli kwa protini zilizosafishwa.

Sasa, kwa nini bakteria? Kwa sababu mitambo hii ni ya kale mno. Ilikuwepo kabla hakujawa na mnyama wala mmea, na maisha yameihifadhi. Bakteria wa E. coli anagawanyika kila dakika 20 akiwa na chakula cha kutosha, unaweza kuotesha lita nyingi, unaweza kuharibu jeni moja na kuona kesho yake nini kimetokea. Ukitaka kuelewa mtambo, unaufungulia pale unapofunguka. Huwezi kumfanyia hivyo mgonjwa, na uvimbe uliotolewa kwa upasuaji ni matokeo ya mwisho ya makosa yaliyorundikana kwa miaka. Unakuonyesha kilichoharibika, mara chache unakuonyesha kilivyofanya kazi kikiwa kizima.

Nikupe mfano mmoja kwa urefu, kwa sababu huu ndio ninaowaeleza wanafunzi wanaouliza kama wewe. Mwaka 1977, Leona Samson na John Cairns waliona jambo la ajabu kwa E. coli. Ukiwapa bakteria kiasi kidogo cha kemikali inayobandika vikundi vidogo vya kaboni, yaani methili, kwenye DNA, halafu baadaye uwape kiasi kikubwa cha kemikali hiyohiyo, wanastahimili. Wamejizatiti. Kikundi cha Lindahl kikafuatilia ni protini gani inayofanya kazi hiyo, na mwaka 1980 wakaonyesha kwamba inauondoa mzigo huo wa methili kutoka kwenye herufi G na kuubeba yenyewe, milele. Protini moja inaokoa herufi moja, kisha haifanyi kazi tena. Kwa hesabu ya nishati ni gharama kubwa sana, na kwa hiyo inatuambia jinsi kosa hilo lilivyo hatari: seli iko tayari kutupa protini nzima kwa ajili ya herufi moja.

Binadamu ana protini ya ukoo huo huo, tunaiita MGMT. Na hapa ndipo wa nyumbani watege sikio. Kuna saratani kali ya ubongo iitwayo glioblastoma, ambayo hutibiwa kwa dawa ya temozolomidi pamoja na mionzi. Temozolomidi inaua seli za saratani kwa kubandika methili kwenye herufi G, yaani kosa lilelile walilolichunguza kwa bakteria. Uvimbe wenye MGMT nyingi unajirekebisha na kuipuuza dawa. Uvimbe ambao jeni yake ya MGMT imezimwa hauna wa kuubeba mzigo. Mwaka 2005 ilionyeshwa wazi kwamba wagonjwa ambao jeni hiyo imezimwa kwenye uvimbe ndio wanaofaidika zaidi na dawa hiyo, na leo kipimo cha MGMT ni sehemu ya kawaida ya uchunguzi wa ugonjwa huo. Kati ya bakteria wa 1977 na matokeo yale ya wagonjwa ni miaka 28. Hakuna aliyeweza kuyatabiri, na hakuna hatua hata moja katikati ambayo ingeweza kurukwa.

Wakati mwingine njia huwa fupi kuliko hapo. Mwaka 1993 mambo yalikimbia kiasi kwamba ukisoma makala za mwaka ule unapata kizunguzungu. Paul Modrich wa Chuo Kikuu cha Duke alikuwa ameshatumia zaidi ya muongo mmoja kuchunguza jinsi bakteria wanavyosahihisha makosa ya kunakili: mtambo wa kunakili DNA unapoweka herufi isiyolingana na mwenzake, kuna kundi la protini linalolitambua kosa, linajua ni uzi upi mpya na upi wa zamani, linakata kipande cha uzi mpya na kukiandika upya. Mwaka 1989 alikuwa ameujenga mfumo mzima ndani ya neli. Usahihishaji huu hupunguza makosa karibu mara 1,000. Ni kazi nzuri ya kibiokemia, na wakati huo haikuwa na mgonjwa hata mmoja ndani yake.

Mwaka huo wa 1993, vikundi vilivyokuwa vikichunguza uvimbe wa utumbo mpana viliona kwamba katika baadhi ya wagonjwa, sehemu za DNA zenye herufi zinazojirudiarudia zilikuwa zimerefuka na kufupika ovyo katika maelfu ya mahali. Hawakujua kwa nini. Watafiti wa hamira waliposikia hivyo walitambua kitu wanachokijua. Micheline Strand, Thomas Petes na wenzao walionyesha mwaka uleule kwamba hamira ambayo umeiharibia protini za kusahihisha makosa ya kunakili inafanya hivyohivyo hasa, na wakapendekeza kwamba kwenye uvimbe huo mfumo huo ndio uliovunjika. Kabla mwaka haujaisha jeni ya binadamu MSH2 ilikuwa imepatikana, na Modrich mwenyewe alishiriki kuonyesha kwamba seli za uvimbe wa aina hii haziwezi kusahihisha. Ndiyo familia zenye ugonjwa wa Lynch, ambazo hurithi tabia ya kupata saratani ya utumbo mpana na ya mji wa mimba mapema kuliko kawaida. Watu wa hamira walikuwa na jibu kwa sababu walikuwa tayari wameshauliza swali. Kama kazi yao ingekuwa imekatiwa fedha mwaka 1988 kwa kuwa hamira si mgonjwa, madaktari wangekuwa na picha ya ajabu mbele yao na hakuna wa kuisoma.

Habari haikuishia kwenye kutambua familia. Uvimbe usiosahihisha makosa hutengeneza protini nyingi zisizo za kawaida, na kinga ya mwili inaziona kama ngeni. Mwezi Mei 2017, mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha pembrolizumabu, dawa inayoifungulia kinga breki, kwa uvimbe wowote mgumu wenye hitilafu hiyo, bila kujali uko kwenye kiungo gani. Ilikuwa mara ya kwanza dawa ya saratani kuidhinishwa kwa kufuata hitilafu ya DNA na si mahali uvimbe ulipoota.

Umeuliza pia kuhusu maisha ya mtu anayeichagua kazi hii, ingawa umeliuliza kwa aibu. Niruhusu nitumie maisha ya Aziz Sancar, aliyegawana na Lindahl na Modrich Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2015. Alizaliwa mwaka 1946 huko Savur, kusini-mashariki mwa Uturuki, mmoja kati ya watoto wanane wa wazazi wasiojua kusoma lakini walioithamini shule. Alisoma udaktari Istanbul, akatibu wagonjwa vijijini, kisha akaamua anataka kujua mambo yanavyofanya kazi chini kabisa. Huko Dallas, kwenye maabara ya Claud Rupert, alifanya kazi na kimeng'enya cha bakteria kinachotumia mwanga wa buluu kurekebisha uharibifu wa miali ya urujuanimno, akaitenga jeni yake mwaka 1976. Ungedhani milango ingefunguka. Hapana. Aliomba nafasi za utafiti baada ya uzamivu akakataliwa, na hatimaye alikubali kazi ya ufundi wa maabara huko Chuo Kikuu cha Yale. Mtu mwenye shahada mbili kubwa, akifanya kazi ya fundi.

Lakini maabara ile ilikuwa ikichunguza ukarabati wa DNA, na ndicho alichokitaka. Hapo ndipo alipopata njia ya kuzitenga protini tatu za bakteria, UvrA, UvrB na UvrC, na mwaka 1983 akaonyesha jambo ambalo halikutarajiwa: hazikati DNA upande mmoja wa jeraha, zinakata pande zote mbili na kuondoa kipande cha herufi 12 au 13. Baadaye, akiwa North Carolina, alionyesha kwamba binadamu naye hukata pande mbili, ila kipande chetu ni kirefu zaidi, karibu herufi 30. Upungufu wa mfumo huohuo ndio chanzo cha maradhi ya xeroderma pigmentosum, ambayo James Cleaver aliyahusisha na ukarabati wa DNA mwaka 1968: watoto wenye maradhi hayo wakipigwa na jua ngozi inaungua na saratani za ngozi huwajia kwa hatari iliyo kubwa mara maelfu kuliko watu wengine. Leo watoto hao hukingwa na jua tangu wanapogunduliwa, na kwa kuwa chanzo kinaeleweka, kinga hiyo ina maana.

Simsimulii Sancar ili kukuambia vumilia nawe utapata Nobel. Wengi waliovumilia kama yeye hawakuipata, na kazi zao ni nzuri. Ninamtaja kwa sababu alipolazimika kuchagua kati ya cheo na swali, alichagua swali, na nadhani hilo ndilo unaloulizwa na nafasi zako mbili.

Nirudi kwa shangazi yako, maana saratani ya ovari ndiyo mahali ambapo ukarabati wa DNA umebadilisha tiba waziwazi kuliko pengine popote. Mary-Claire King alitumia miaka mingi kutafuta jeni ya saratani ya matiti ya kurithi wakati wengi hawakuamini kwamba ugonjwa wenye sura nyingi vile unaweza kubebwa na jeni moja. Mwaka 1990 alionyesha iko kwenye kromosomu ya 17. Jeni hiyo, BRCA1, ilitengwa mwaka 1994, na ya pili, BRCA2, ikapatikana mwaka 1995. Mwanzoni haikuwa wazi protini hizi zinafanya nini. Fununu kubwa ilikuja mwaka 1997, zilipoonekana zikishikamana na protini iitwayo RAD51. Na RAD51 tulikuwa tunaijua tayari, wapi? Kwenye hamira, ambako watafiti walikuwa wamekusanya aina zinazokufa upesi zikipigwa mionzi. Na ndugu yake wa bakteria, RecA, alikuwa amejulikana tangu 1965. Kazi ya ukoo huo ni kurekebisha mkatiko wa nyuzi zote mbili za DNA kwa kunakili kutoka kwenye nakala pacha. Kwa hiyo siku ile BRCA2 ilipoonekana imemshika RAD51 mkono, miaka 30 ya kazi ya vijidudu ikawa ghafla ni maelezo ya saratani ya matiti na ovari.

Kisha likaja wazo ambalo bado linanisisimua. Seli ina njia nyingine za kuzuia mikatiko hiyo isitokee, na moja hutumia kimeng'enya PARP, ambacho hutambua mkatiko wa uzi mmoja. Fikiria mtumbwi unaovuja, watu wawili wakifua maji. Mmoja akichoka, mwingine anaumudu. Mzuie na wa pili, mtumbwi unazama. Uvimbe uliopoteza BRCA ni mtumbwi uliobakiwa na mfuaji mmoja. Dawa inamzuia huyo. Seli nyingine zote za mwili wa mgonjwa bado zina nakala moja nzima ya BRCA, kwa hiyo nyingi zinapona. Mwaka 2005, kikundi cha Alan Ashworth huko London na kile cha Thomas Helleday wa Sheffield vilichapisha ushahidi huo kwa wakati mmoja: seli zisizo na BRCA zilikufa kwa kiasi kidogo mno cha dawa inayozuia PARP. Dawa hiyo haikuanzia kwao peke yao. PARP ilielezwa kwa mara ya kwanza huko Strasbourg mwaka 1963, na Steve Jackson, mtafiti wa ukarabati wa DNA huko Cambridge, alikuwa ameanzisha kampuni iliyotengeneza dawa ambayo baadaye ikawa olaparibu. Iliidhinishwa Ulaya na Marekani mwezi Desemba 2014.

Inafanya nini kwa mgonjwa? Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2018, wanawake waliogunduliwa kwa mara ya kwanza na saratani ya ovari iliyosambaa, wenye hitilafu ya BRCA, walipewa olaparibu baada ya dawa za platini, aina ya dawa kali za kuua seli za saratani, kufanya kazi. Baada ya miaka 3, asilimia 60 walikuwa hai bila ugonjwa kusonga mbele, dhidi ya asilimia 27 waliopewa kidonge kisicho na dawa. Nimesoma matokeo mengi ya majaribio ya saratani; tofauti ya namna hiyo ni nadra. Sisemi ingemwokoa shangazi yako, sijui aliugua lini wala uvimbe wake ulikuwa wa aina gani.

Na hapa nikatishe maneno ya kazi kidogo. Saratani ya ovari kwa mwanamke kijana ni sababu ya familia kuzungumza na mshauri wa urithi. BRCA hurithiwa kwa wanaume vilevile. Kama shangazi yako alikuwa na hitilafu, baba yako ana uwezekano wa nusu kuwa nayo bila kuugua, na kama anayo, nawe una uwezekano wa nusu kutoka kwake. Mwanamke mwenye hitilafu ya BRCA1 ana hatari ya takriban asilimia 44 ya kupata saratani ya ovari afikapo miaka 80. Wa BRCA2, takriban 17. Kuna hatua za kuchukua mapema. Wengi hudhani saratani za wanawake hupita upande wa mama tu, na familia zinapotea kwa dhana hiyo. Zungumza na baba yako.

Turudi kwenye maabara. Usije ukadhani njia hii ni ya ushindi mtupu. Uvimbe hujifunza. Mwaka 2008 ilionyeshwa kwamba seli za saratani zilizo chini ya shinikizo la dawa zinaweza kupata badiliko la pili ndani ya BRCA linaloirudisha protini kazini, na hapo dawa inashindwa. Pia kuna habari ya iniparibu, ambayo ningependa kila mwanafunzi wa uzamili aijue. Ilitangazwa kama kizuizi cha PARP, ikaanza kwa matumaini makubwa, ikashindwa kwenye jaribio kubwa mwaka 2011. Baadaye ikaonekana kwamba haikuwa ikizuia PARP ipasavyo ndani ya seli. Kushindwa huko kulitia shaka dawa zote za kundi hilo, wakati tatizo lilikuwa kwamba kimeng'enya hakikupimwa kwa ukali uliostahili tangu mwanzo. Biokemia ya bakteria, ambayo watu wa nyumbani wanaiona mbali na wagonjwa, ndiyo inayomfundisha mtu kupima kwa ukali huo.

Siku za kazi zenyewe zina utulivu wake. Utakaa kwenye chumba cha baridi ukisafisha protini kwa siku nzima ili upate kiasi cha kutosha kwa jaribio la saa moja. Utarudia jaribio lililofanikiwa, maana lililofanikiwa mara moja halijathibitika. Utaandika maombi ya ruzuku, na mengi yatakataliwa. Uzamivu huchukua miaka 4 hadi 6 mara nyingi, kisha kuna miaka ya utafiti wa mkataba, na si kila aliye hodari hupata maabara yake. Wengi wa wanafunzi wa fani hii huishia kwenye kampuni za dawa, maabara za vipimo vya jeni, au uchambuzi wa data, na huko kazi yao inawafikia wagonjwa upesi kuliko yangu. Nisingekuambia ulipe miaka yako kwa tumaini la cheo cha profesa. Ukiipenda kazi yenyewe ya kila siku, ile ya kutenganisha mambo mpaka ueleweke mtambo, basi miaka hiyo haitakuwa ya kungojea kitu.

Jambo jipya kwa kizazi chako ni kwamba ukuta kati ya maabara zako mbili umepungua. Uvimbe leo husomwa DNA yake yote, na aina ya makosa yaliyomo huonyesha ni mfumo upi wa ukarabati uliovunjika. Mwaka 2013, Ludmil Alexandrov, Michael Stratton na wenzao walichambua maelfu ya saratani wakatofautisha alama 21 za aina hiyo: ya moshi wa tumbaku, ya jua, ya BRCA iliyopotea na nyingine. Anayejua mtambo husoma alama hizo tofauti na anayejua kompyuta tu. Anayejua vyote viwili ndiye wanayemtafuta.

Kwa hiyo maoni yangu: chukua ya bakteria na hamira, kwa sharti moja, kwamba ujifunze pia kuchambua data ya jenomu ukiwa humo, hata kama si kazi ya mradi wako. Kuhamia kutoka kwenye mtambo kwenda kwenye uvimbe baadaye ni rahisi. Nimewaona wengi wakifanya hivyo bila shida. Kwenda kinyume chake ni kugumu zaidi, kwa sababu ukali wa biokemia hujengwa vizuri ukiwa bado mwanafunzi na mtu ana muda wa kukosea kimya.

Lakini kabla hujasaini, mwombe yule mwalimu mambo matatu. Akuonyeshe jaribio moja la maabara yake lililompinga yeye mwenyewe na alilolichapisha. Akueleze ni swali gani atakupa, na uone kama linaweza kujibiwa kwa "hapana" na bado likawa na thamani. Na akuruhusu kuzungumza faragha na mwanafunzi mmoja aliyemaliza kwake na mmoja aliyeondoka kabla ya kumaliza. Mwalimu akisitasita kwenye hilo la tatu, chukua ile nafasi nyingine, hata kama sayansi ya huko inakuvutia kidogo tu.